Wewe Unayefasiri Maelekezo ya Kuflashi Simu, Hebu Ngoja Kidogo

Najua nimepotea. Kazi za watu zimenibana, na mwandishi wa programu anayedaiwa kazi hana usiku wala mchana. Leo nilikuwa nimepanga kuendelea na ile habari ya hifadhidata niliyowaahidi, lakini itabidi ingoje, maana kuna jambo limenikera na nisipolisema sitalala.

Jana jioni jamaa mmoja wa Minjila alinitumia maelekezo ya kuflashi simu. Yamefasiriwa kwa Kiswahili, hatua baada ya hatua, na picha zake, na mshale mwekundu wa kukuonyesha pa kubonyeza. Akaniuliza, "Kaka, hii naweza kuifuata?" Nikasoma. Nilipofika hatua ya saba nikaweka kikombe cha chai chini. Maelekezo haya nayajua. Ndiyo yaliyoua simu ya mpwa wangu pale Garsen mwaka 2023. Wakati ule yalikuwa kwa Kiingereza. Sasa yamevalishwa kanzu ya Kiswahili na lile kosa limo vilevile, hatua ya saba, halikuguswa. Aliyefasiri hakuyajaribu. Alinakili, akaweka jina lake juu, akaenda zake.

Kwa hiyo leo nasema na wewe ndugu mfasiri, popote ulipo. Wengine karibuni msikilize.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana kwetu Kenya kuflashi ni kumpigia mtu, simu ikalia mara moja ukakata ili yeye ndiye akupigie (Watanzania wao husema kubipu). Sizungumzii ubahili huo. Hapa kuflashi ni kuchukua kebo na kompyuta, ukaondoa mfumo endeshi uliomo ndani ya simu na kupakia mwingine. Na kuruti ni kujipa mamlaka yote juu ya mfumo uliomo, ili ufute na ubadilishe hata vile ambavyo mtengenezaji alivificha. Mambo hayo mawili nimeyafanya mimi mwenyewe kwa miaka mingi na sioni haya.

Simu ya mpwa wangu niliinunua mwenyewe Mombasa mwaka 2015. Simu ya bei ya chini, chipu ya MediaTek, Android 4.4, kampuni siitaji. Nilipopata nyingine nikampa dada yangu, naye akaja akampa mwanawe wa kwanza, anayeendesha bodaboda. Kufikia 2023 kioo kilikuwa na nyufa, betri ilikuwa ya tatu, lakini ilikuwa inapiga, inapokea, na WhatsApp inafunguka. Tangu niitoe kwenye boksi haijawahi kuletewa sasisho lolote la maana. Halafu tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp ikapandisha kizingiti: Android 5.0 kwenda juu, chini ya hapo kwaheri.

Mtu wa Nairobi atasema basi nunua nyingine. Ngoja nikueleze kwa nini pale Garsen jambo hilo si dogo.

Mto Tana hauji ghafla. Maji yanatoka nyanda za juu, yanapita kwenye mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, yanashuka Garissa, yanapita Hola, na huchukua siku kadhaa kabla ya kutufikia sisi wa huku chini karibu na bahari. Kwa hiyo mtu wa Garsen mwenye jamaa Garissa au Hola ana siku kadhaa za kujiandaa, mradi habari imfikie. Kwetu habari hiyo hupita kwenye kundi la familia la WhatsApp. Binamu aliye Hola anapiga picha mahali maji yalipofika, anarekodi sauti, anatuma, na kila mtu anajua ahamishe nini. Na mwaka ule sote tulikuwa tunaambiwa El Niño inakuja.

Kijana akafanya ambalo kijana yeyote mwenye akili angefanya. Akaenda saiba, akatafuta, akapata maelekezo ya kupandisha simu ile hadi Android 5.1. Akalipia muda, akapakua faili la mfumo, akafuata neno kwa neno. Hatua ya saba inahusu programu iitwayo SP Flash Tool, ambayo mafundi wote wa simu za MediaTek wanaijua. Programu hiyo inakupa machaguo matatu. La kwanza linapakia mfumo mpya juu ya wa zamani na kuziacha sehemu nyingine zilivyo. La pili linafuta, ila linahifadhi kwanza zile sehemu nyeti na kuzirudisha. La tatu linafuta kila kitu, pembe zote, ndipo linapakia. Maelekezo yanasema: chagua la tatu, ndilo linalosafisha vizuri.

Linasafisha kweli! Kila kitu ni pamoja na kijisehemu kiitwacho NVRAM. Humo ndimo simu za MediaTek huweka namba ya IMEI na vipimo vya redio ya simu ile moja, vilivyoandikwa siku ilipotoka kiwandani. Havimo kwenye faili unalopakua na haviwezi kuwamo, kwa sababu faili ni la simu zote za aina hiyo, na IMEI ni ya simu yako peke yake. Ukishaifuta bila nakala, hakuna mahali pa kuipakua tena.

Simu ikawaka. Android 5.1, maandishi mapya, rangi mpya. Kijana akafurahi kama dakika tano. Halafu akanipigia kwa simu ya mwenye saiba.

"Shikamoo mjomba. Simu imewaka vizuri lakini haishiki laini."

"Marahaba. Hebu bonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Unaona namba?"

"Hamna kitu mjomba."

"NVRAM uliihifadhi kwanza?"

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikayafungua yale maelekezo nikayasoma yote mpaka mwisho. Neno hilo halimo hata mara moja.

Najua kuna mjuaji ataniambia angeweza kutumia Wi-Fi. Namkaribisha aje aitafute Wi-Fi shambani Idsowe, nauli nitatoa mimi.

Mwingine atasema kuna programu za kuandika IMEI upya. Ziko, nazijua, na fundi yeyote wa Mombasa anazijua. Lakini sheria ya mawasiliano ya Kenya, tangu marekebisho yaliyoanza kutumika 2009, inamfanya mkosaji mtu yeyote anayeibadilisha au kuichezea namba hiyo ikiwa si mtengenezaji wala wakala wake. Sasa ukirudisha namba yako halali, ileile iliyo kwenye kibandiko chini ya betri, je, umebadilisha? Nimewauliza mawakili wawili, mmoja kasema ndiyo, mwingine kasema hapana. Sikutaka mpwa wangu awe ndiye kesi ya kuamulia. Kituo cha huduma kiko Mombasa, zaidi ya kilomita 200, na nilipopiga simu walinijibu modeli hiyo hawaihudumii tena.

Msiione IMEI kama tarakimu tu, jamani. Mnakumbuka usiku wa kuamkia Oktoba 1, 2012? Serikali iliagiza simu zenye IMEI bandia zizimwe nchi nzima, na hesabu iliyotolewa wakati ule ilikuwa karibu simu milioni 1.9. Ilikuwa wiki chache tu baada ya mauaji ya Agosti na Septemba hapa Delta ya Tana, wakati watu wetu, Wapokomo kwa Waorma, walikuwa bado wanatafutana nani yu hai na nani amekimbilia wapi. Waliouziwa simu bandia bila kujua waliamka wakiwa na kitu cha kusikilizia redio. Sisi wa huku tunajua simu isiyotambuliwa na mtandao ina thamani gani.

Basi, mto ukaja Novemba 2023.

Ujumbe wa sauti wa Hola uliingia kwenye kundi la familia usiku. Ulisikilizwa Nairobi, ulisikilizwa Mombasa, ulisikilizwa Doha. Mimi mwenyewe niliusikiliza nikiwa kitandani, nikadhani dada ameusikia. Kijana alikuwa ameweka laini yake kwenye mulika mwizi, kwa hiyo kupigiwa angepigiwa, lakini hakuna aliyempigia kwa sababu kila mmoja wetu aliamini kundi limeshasema. Yeye naye hakuwa na namba ya yule binamu kichwani. Majina yote yalikuwa kwenye simu iliyofutwa. Walitoka wakati maji yamefika magotini. Watu wote wazima, Mungu ashukuriwe. Magunia manne ya mahindi, mbuzi wawili na paneli ya sola havikutoka.

Sisemi wewe ndugu mfasiri umeleta mafuriko. Sisemi hata kwamba kosa ni la maelekezo peke yake. Nilikuwa na dole gumba na salio la kumpigia dada, sikupiga, na hilo nitakaa nalo mwenyewe. Nasema tu kwamba chini kabisa ya maelekezo yako kuna ule mstari wa "fanya kwa hiari yako, likikupata jambo usinilaumu," na kati ya yote uliyoyafasiri, huo ndio ulioufasiri vizuri kuliko mingine yote.

Aliyeuandika mara ya kwanza huenda ana simu nne mezani na umeme usiokatika. Simu ikimfia ni hadithi ya kuwasimulia wenzake. Mstari ule kwake ni kweli: hatari ni yake na anaimudu. Wewe unawaandikia watu wenye simu moja kwa nyumba nzima. Unajua hivyo, ndiyo maana ukachagua Kiswahili.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, maana nao wamo. Niliposimulia habari hii kwa wenzangu wa kazi walicheka. Mmoja akasema dawa ni watu wa vijijini waache kuchezea wasichokijua. Hapo nilikasirika kuliko nilivyokukasirikia wewe.

Yeye alijifunzia wapi? Mwaka 2011 Safaricom ilipoleta Huawei IDEOS hapa Kenya kwa kiasi cha shilingi 8,000, wangapi wetu tulianzia pale? Kijisimu cha kioo cha inchi 2.8, prosesa ya megahezi 528, ukiweka programu kumi nafasi ya ndani imekwisha. Tuliiruti ili tuhamishie programu kwenye kadi ya kumbukumbu. Tukaipakia CyanogenMod 7 tukapata Android 2.3 wakati kiwandani ilikuja na 2.2. Yangu niliiua mara mbili. Mara zote mbili ilifufuka, kwa sababu butloda yake, yaani ile programu ndogo inayoamka kwanza na kuamua mfumo gani uruhusiwe kuwaka, haikuwa imefungwa, na romu ya kiwandani ilipatikana. Kazi ninayolia chakula leo nilianza kuifahamu nikiwa nimeshika kile kijisimu kilichozimika, natetemeka, natafuta kebo. Hakuna aliyeniambia niache kuchezea nisichokijua.

Na huo mfumo wa kiwandani wanaotaka tuuheshimu kama msahafu, je, ni mtakatifu? Agosti 2020 watafiti wa Secure-D pamoja na BuzzFeed News waliripoti kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Afrika Kusini, Ghana na kwingineko zilitoka boksini zikiwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zinazomla mtu bando na kumwandikisha huduma za kulipia bila habari yake. Kampuni mama ilijibu kwamba tatizo liliingizwa na msambazaji fulani ambaye haikumtaja. Mwenye simu ile aliyeamua kufuta kila kitu na kupakia mfumo mwingine alikuwa anachezea, au alikuwa anafagia nyumba yake?

Hatuchezi. Tumefungiwa. Kule Ulaya, tangu Juni 20, 2025, kanuni zinamtaka mtengenezaji aendelee kutoa masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5 tangu modeli ilipoacha kuingizwa sokoni. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi miaka 7. Hizo ni simu za wenye nazo na nchi za wenye nazo. Simu ya bei ya chini inayofika Garsen inazaliwa na mfumo uliokwisha zeeka na inakufa nao. Ukitaka kujisaidia mwenyewe, mlango umekomewa: Huawei, ileile ya IDEOS, iliacha kutoa misimbo ya kufungulia butloda mwaka 2018, na wengine wanafuata njia hiyo. Kerneli ya Android ni Linux, imetolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, na leseni hiyo inasema wazi kwamba anayeisambaza lazima ampe mtumiaji msimbo chanzo akiutaka. Jaribuni kuwaandikia watengenezaji wa simu za bei ya chini mkiuomba. Mimi niliandika mara tatu. Nasubiri bado. Wametumia kazi huria ya watu bure, wakaigeuza sanduku lisilo na ufunguo, kisha mtu akipitia dirishani wanasema amejitakia.

(Simu ya mkopo, ile ya kulipa mdogo mdogo inayojifunga usipolipa, siizungumzii. Usinitumie maswali ya jinsi ya kuifungua. Maliza deni kwanza.)

Ninachotaka kwa watengenezaji ni kidogo. Siku mtakapoacha kuihudumia modeli, wekeni hadharani romu yake ya kiwandani na njia ya kufungua butloda. Hamtauza simu chache kwa hilo. Mtu wa kununua mpya atanunua mpya. Na kituo chenu cha huduma kiwe na ruhusa na wajibu wa kurudisha IMEI ya simu ambayo boksi na kibandiko vyake vinathibitisha namba, hata ikiwa na miaka kumi.

Wewe mfasiri nakutaka zaidi, kwa sababu wewe ni wetu. Anza na kurudi. Kabla hujamfundisha mtu kufuta, mfundishe kuisoma NVRAM kutoka kwenye simu yake na kuiweka faili mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye kadi. Mwambie aandike IMEI kwenye karatasi. Mwambie ahamishe majina, maana nusu ya watu wetu hawajui majina yao yamehifadhiwa wapi hadi siku yanapopotea. Mwonye kwamba jina la simu lililo kwenye boksi halitoshi. Simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na ubao tofauti ndani, na romu ya moja ikaiua nyingine, kwa hiyo aangalie namba ya toleo kwenye mipangilio, tarakimu kwa tarakimu. Mwambie atumie kompyuta yenye betri inayoshika chaji. Umeme wa Garsen hauulizi kama umefika asilimia 60. Kwenye machaguo matatu mwelekeze la kwanza, na la tatu usilitaje kabisa isipokuwa kwa aliyekwisha kuwa na nakala mkononi. Kisha andika ni simu gani uliyojaribia na tarehe gani. Kama hukujaribu, andika "sijajaribu." Ni neno moja, halikupunguzii kitu.

Usiniambie Kiswahili kinakosa maneno ya kueleza hayo. Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux pale Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ambapo hata neno la "faili" watu walikuwa bado wanaligombania. NVRAM inaelezeka kwa sentensi mbili, nimekuelezea hapo juu.

Simu ile iko kwenye droo yangu hadi leo. Nikiiweka chaji inawaka, Android 5.1 safi kabisa, saa inakwenda. Mpwa alipata nyingine mwaka uliofuata, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwakuta wameshahamia juu.

Yule jamaa wa Minjila nimemwambia asiguse kitu. Jumamosi nitapanda basi niende na kompyuta yangu, tuisome NVRAM yake kwanza, mengine baadaye. Shida ni romu ya kiwandani: niliyo nayo namba yake ya toleo inaishia na V3, na simu yake inaonyesha V5. Msomaji mwenye simu ya aina hiyo aliyewahi kuhifadhi romu yake aniandikie kabla ya Ijumaa, nimpe jina la modeli. Bando la kuituma nitalipa mimi.